Seva ikigoma Kibiti, fundi asisubiriwe kutoka Dodoma

Hakuna halmashauri nchini inayomaliza siku ya kazi leo bila watumishi wake kuingia kwenye mfumo mmoja au mwingine. Mapato hukusanywa kupitia TAUSI, bajeti huandaliwa kwenye PlanRep, fedha za zahanati na shule huingizwa kwenye FFARS, zabuni hupita NeST, na mgonjwa akifika dirishani hospitalini huandikishwa kwenye GoTHOMIS. Anayetaka kulipa hupewa kumbukumbu namba kutoka GePG. Ni hatua kubwa, na anayeibeza amesahau vitabu vya stakabadhi vilivyokuwa vikipotea na fedha zake. Lakini kila mfumo kati ya hiyo una mlango, na siku mlango ukimkataa mtumishi, kazi inasimama na foleni inaota mizizi. Hoja yangu ni moja: ujuzi na mamlaka ya kujua kwa nini mlango umekataa vinapaswa kuwa pale pale mlango ulipo, yaani kituoni na wilayani. Wilaya ya Kibiti, pamoja na visiwa vyake vya delta ya Rufiji, inaonyesha sababu ya jambo hilo wazi kuliko sehemu nyingi.

Mji wa Kibiti wenyewe hauna shida ya kufikika. Uko kando ya barabara kuu ya kusini, yapata kilomita 140 kutoka Dar es Salaam, na basi la Lindi au Mtwara halina njia ya kuukwepa. Shida inaanzia bandari ya Nyamisati kwenda mbele. Kata za Salale, Mbuchi, Maparoni, Kiongoroni na Msala ziko ndani ya mikoko, na safari ya huko ni ya boti kupitia mikondo ya mto, kwa ratiba anayoipanga bahari. Maji yakijaa chombo kinapita. Yakitoka, kinakwama kwenye tope hadi yarudi. Wakati wa bamvua safari ina hesabu yake, na wakati wa maji mafu ina nyingine. Sasa weka kompyuta ya zahanati katika mazingira hayo, kisha mwambie mganga mfawidhi kwamba ikikataa kufunguka apige simu makao makuu na kusubiri mtaalamu. Kusubiri huko hakuhesabiwi kwa saa. Kunahesabiwa kwa siku, na katika siku hizo wagonjwa wanaendelea kuja.

Mwananchi akiambiwa dirishani kwamba mtandao unasumbua, amepewa pole, hajapewa jibu. Nyuma ya pole hiyo kuna matatizo yasiyofanana hata kidogo. Pengine waya umechomoka kwenye swichi. Pengine akaunti imejifunga baada ya mtu kukosea nenosiri mara kadhaa, au nenosiri limepitwa na muda wake. Pengine diski ya seva imejaa, saa yake imerudi nyuma, au seva ya kituo imeshindwa kuifikia seva nyingine inayotunza orodha ya watumiaji. Kila tatizo lina dawa yake, na dawa ya moja haitibu lingine. Mara nyingine huliongeza. Anayedhani amesahau nenosiri akazidi kubahatisha anaifunga akaunti iliyokuwa nzima. Anayezima na kuwasha seva iliyojaa diski huikuta bado imejaa, na sasa hata huduma zilizokuwa zikijikongoja zinagoma kuamka. Ndiyo maana kutambua chanzo ni kazi ya kwanza na kurekebisha ni ya pili, na ndiyo maana anayetambua anapaswa kuwa karibu na mashine.

Kutambua huko hakuhitaji shahada ya uzamili. Kunahitaji maswali matatu yanayoulizwa kwa mpangilio. La kwanza: imekataa wapi? Seva huingiwa kwa njia mbili. Mtu anaweza kuingia kwa mbali, akiwa chumba cha pili au mkoa wa pili, kupitia Remote Desktop kwa Windows au SSH kwa Linux; au anaweza kukaa mezani, mbele ya kibodi na kioo vilivyochomekwa kwenye seva yenyewe. Ikikataa kwa mbali lakini mezani ikakubali, macho yaelekezwe kwenye waya, ruta, faiawoli, huduma ya kuingilia kwa mbali yenyewe, au ruhusa ya akaunti hiyo kutumia njia hiyo. Ikikataa kote kuwili, tatizo liko ndani. Swali la pili: imemkataa nani? Ikiwa ni mtumishi mmoja, shida ni ya akaunti yake. Ikiwa ni kila mtu, tazama diski, saa, au mawasiliano na seva ya watumiaji. Swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi: seva yenyewe imeandika nini?

Hili la tatu linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndilo linaloondoa ramli. Mara nyingi kioo humwambia mtumiaji kwa ufupi tu kwamba jina au nenosiri si sahihi. Hufanya hivyo kwa makusudi, ili mwizi anayebahatisha asijue kama jina ndilo analokosea au nenosiri. Ndani, hata hivyo, seva haifichi. Windows huandika kila jaribio lililoshindwa kama tukio namba 4625, ikitaja aina ya kuingia: 2 ni aliyekaa mezani, na 3 au 10 ni aliyetoka mtandaoni. Chini yake huweka msimbo wa sababu. 0xC000006A ni nenosiri lisilo sahihi, 0xC0000234 ni akaunti iliyofungwa, na 0xC0000133 ni saa mbili zisizokubaliana. Linux nayo huandika habari za namna hiyo kwenye faili la auth.log au secure, kutegemea toleo. Mstari mmoja wa namna hiyo ukisomwa kwa simu kwa mtaalamu aliye Dodoma unafupisha kazi ya siku nzima. Lakini mtu wa kuusoma lazima awepo, na lazima awe na ruhusa ya kufika ulipo. Katika vituo vyetu vingi, mtaalamu yuko kwenye simu lakini upande wa pili hakuna mwenye ruhusa hiyo.

Suala la saa linaeleza jambo hili vizuri zaidi. Ndani ya seva, kwenye ubao wake mkuu, kuna betri ya kidonge aina ya CR2032, bapa na ya mviringo, kubwa kuliko kifungo cha shati. Kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea umeme ukiwa umekatika. Betri hiyo ikifa, hakuna anayejua mpaka siku umeme ukatike kwa muda. Ukirudi, seva inawaka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita. Itifaki ya Kerberos, ambayo Windows huitumia kuthibitisha watumiaji kwenye mtandao wa ofisi, kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu kati ya saa mbili. Zikizidi hapo, mtu mwenye nenosiri sahihi kabisa anakataliwa. Vyeti vya usalama vya tovuti navyo vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, kwa hiyo kompyuta inayoamini kwamba mwaka ni mwingine huviona batili. Kwa kawaida seva hurekebisha saa yake kupitia mtandao, lakini umeme na mtandao vikipotea pamoja, kama vinavyopotea msimu wa masika, hakuna pa kurekebishia. Mtumishi atabadilishiwa nenosiri mara tatu na bado atakataliwa, wakati ugonjwa ni kidonge cha betri ambacho mtu aliye chumbani angekibadilisha kabla chai haijapoa.

Atakayesema basi tuwape watumishi nenosiri kuu na tumalize mambo, naye hajafika, kwani nenosiri bila ujuzi halitoshi. Jibu la mezani lenyewe linaweza kudanganya. Windows hutunza kumbukumbu ya watumiaji wa karibuni waliowahi kuingia, na kwa kumbukumbu hiyo inaweza kumruhusu mtu aliyekaa mezani hata kama haiwezi kuifikia seva ya watumiaji. Kwa hiyo mezani inakubali, kwa mbali inakataa, na fundi asiyejua hili atashinda kwenye faiawoli wakati kilichokatika ni mawasiliano ya nyuma. Mafundi wazoefu huigeuza tabia hiyo kuwa faida: seva ikikataa kila mtu kwa sababu uhusiano wake na seva ya watumiaji umeharibika, huchomoa waya wa mtandao ili mashine itumie kumbukumbu yake, wakaingia na kurekebisha. Ujuzi wa namna hiyo unafundishika kwa muda mfupi, lakini haufundishiki siku ya janga. Ndiyo maana naviweka mamlaka na ujuzi pamoja. Mamlaka bila ujuzi ni hatari, na ujuzi bila mamlaka ni kuangalia tu.

Kwamba njia ya mbali haiwezi kutegemewa peke yake limeshathibitishwa na makampuni yenye fedha kuliko serikali nyingi. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilijitoa yenyewe kwenye intaneti kwa kosa la mipangilio, na kwa takriban saa 6 wahandisi wake hawakuweza kuingia kwa mbali kwa sababu njia ya mbali ilipita kwenye mtandao ule ule uliokatika. Ilibidi watu wapelekwe kwenye vituo vya data, ambako ulinzi mkali uliwachelewesha. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja lenye kasoro kutoka kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zinazokadiriwa kufikia milioni 8.5. Nyingi hazikuweza kuponywa kwa mbali, ikabidi mtu akae mbele ya mashine, aiwashe kwa hali ya dharura na kufuta faili hilo kwa mkono. Palipokuwa na diski zilizofungwa kwa usimbaji, aliyekosa ufunguo wa kurejesha alibaki kuitazama. Mashirika yaliyoamka mapema ni yale yaliyokuwa na watu mahali penyewe, wenye ufunguo.

Kwetu somo lilikuja karibu zaidi. Aprili 2024 mafuriko yalifunika vijiji na mashamba ya Rufiji na Kibiti. Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kilifika pwani karibu na Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga. Tarehe 12 Mei nyaya mbili za baharini, SEACOM na EASSy, zikakatika, na intaneti ikazorota nchini kote. Katika wiki chache njia ya maji, ya barabara na ya mtandao zote zilivurugika kwa zamu. Mpango unaosema msaada utakuja kwa mbali, na ukishindikana gari litakuja, umejengwa juu ya mambo mawili ambayo mwezi ule yote yaliyumba. Hatukuwa na janga la ajabu lisilorudi. Mto Rufiji hufurika na masika huja kila mwaka.

Rufiji ina ushahidi wa zamani kuliko huo, nao hauhusu kompyuta pekee. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kabla Kibiti haijawa wilaya, Wizara ya Afya kwa kushirikiana na shirika la IDRC la Kanada iliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Mradi ulikuwa tayari kuongeza hadi dola 2 kwa kila mkazi, lakini wilaya ziliweza kutumia vizuri chini ya dola 1. Kilicholeta mabadiliko ni kuzipa timu za afya za wilaya zana za kujua watu wao wanaumwa nini na wanakufa kwa nini, na mamlaka ya kupanga bajeti kwa kufuata majibu hayo. Kwa Rufiji, takwimu zilitoka kwa wadadisi waliopita nyumba kwa nyumba, na zilichakatwa huko huko wilayani, Ikwiriri. Vituo vya afya vilisimamia zahanati zilizo jirani kwa redio za mawasiliano, pikipiki na boti, badala ya kila kitu kungoja gari kutoka makao makuu ya wilaya. Katika miaka michache vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Sababu hazikuwa moja, lakini dunia ya afya ya umma ilijifunza kutoka Rufiji kwamba uamuzi ukikaa karibu na tatizo, fedha ndogo hufanya kazi kubwa. Mifumo ya kidijiti imetupa takwimu nyingi zaidi ya zile, lakini ufunguo wa kuzifikia umerudi mbali.

Pingamizi zito ni la usalama. Watasema: seva ya hospitali ina siri za wagonjwa, seva ya mapato ina fedha za umma, na kadiri wenye funguo wanavyoongezeka ndivyo wizi unavyokuwa rahisi. Ni hofu ya haki. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kuingia kwenye mfumo bila ruhusa kuwa kosa la jinai, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Lakini tujiulize umbali unalinda nini hasa. Palipo na ufunguo mmoja ulio mbali, kazi haisubiri. Watu hutafuta njia ya panya. Nenosiri la mmoja linaandikwa kwenye karatasi na kubandikwa chini ya kibodi, zamu nzima inalitumia, na kinapoharibika kitu hakuna wa kuulizwa. Usalama ni kila mtu kuingia kwa jina lake, na rekodi ya kila aliyeingia kutumwa nakala makao makuu ambako wa wilayani hawezi kuifuta. Kwa siku ambayo kila kitu kimekataa, iwepo akaunti moja ya dharura ndani ya seva yenyewe, nenosiri lake likiwa kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri ndani ya kasha la ofisi. Bahasha ifunguliwe mbele ya watu wawili wanaotia saini, na nenosiri libadilishwe baada ya kazi. Huo ni ulinzi mkali kuliko umbali wa Dodoma.

Pingamizi la pili linasema hoja hii imepitwa na wakati, kwa kuwa mifumo inahamia kwenye vituo vikuu vya data na kesho kituo cha afya hakitakuwa na seva. Nakubali uelekeo huo, na una faida: data haifi na mashine moja ikiloana au kuungua. Ila kuhamisha seva hakuhamishi mlango. Kompyuta ya dirishani bado ina saa yake, waya wake, ruta yake na akaunti za watu wanaoitumia, na yote hayo yataendelea kuharibika kwenye vijiji vya delta kama Mbwera na Kiomboni, si Dodoma. Maswali matatu yanabaki yale yale, ila mezani panakuwa kompyuta ya mtumishi badala ya seva. Tena kukusanya pamoja kunaongeza umuhimu wa kutambua: zamani kituo kimoja kikikwama kilikwama peke yake, leo mtu anatakiwa ajue haraka kama ni yeye au ni nchi nzima. Afisa TEHAMA wa halmashauri asiyeweza hata kufungua akaunti iliyojifunga ya mtumishi aliye ofisi ya jirani amegeuzwa kuwa mpiga simu.

La tatu ni la watu na fedha: maafisa TEHAMA ni wachache, na wilaya ina madai mengine ya kipaumbele, kuanzia dawa hadi madawati. Ni kweli hatuwezi kumweka mhandisi kila zahanati, na siombi hivyo. Ninachoomba ni kwamba katika kila kituo chenye kompyuta watumishi wawili wajue kuuliza maswali matatu na kusoma mstari wa rekodi, na karatasi moja iliyobandikwa ukutani iwakumbushe. Mafunzo hayo yanaweza kuambatana na safari za usimamizi ambazo timu ya afya ya wilaya inazifanya hata hivyo, kwa boti ile ile. Na wanaosema turudi kwenye madaftari ya takwimu za afya ya MTUHA nawaambia yabaki, yabaki kwa siku mbaya, lakini daftari halitoi kumbukumbu namba ya malipo wala halitumi dai la bima. Nchi imeshaamua kuvuka. Kilichobaki ni kuvuka na kasia mkononi.

Hatua zenyewe hazihitaji sheria mpya. OR-TAMISEMI, yenye mifumo mingi ya halmashauri, iwape maafisa TEHAMA wa wilaya mamlaka ya kufungua na kufunga akaunti za watumishi wa eneo lao, chini ya rekodi inayoonekana Dodoma. Mamlaka ya Serikali Mtandao, inayosimamia viwango chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, iweke kiwango kwamba hakuna seva ya umma inayopokelewa bila akaunti ya dharura ya ndani, utaratibu wa bahasha, na kibodi na kioo vinavyofanya kazi kando yake. Wakurugenzi wa Kibiti na Rufiji, kabla ya masika ijayo, waagize jaribio moja katika kila kituo: mtandao uchomolewe kwa makusudi, kisha ionekane nani anaweza kuingia, kwa akaunti gani, na saa ya mashine inasema nini. Kituo kitakachoshindwa siku ya jaribio kitakuwa kimegharimu asubuhi moja, na majina ya watu wa kufundishwa yatakuwa yamepatikana. Kikiachwa kishindwe siku ya mafuriko, gharama ataibeba mgonjwa aliyevuka mto kuja kutibiwa.